Mpwa wangu, pampu hiyo inauawa na maji ya bomba

Mpwa wangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti nimeusikia. Unasema Toyota IST yako imeanza kunywa maji, kila asubuhi unaongeza kidogo ya bomba kwenye rejeta, na fundi wa hapo mtaani kakushauri mtoe themostati ili gari lisichemshe. Nakujibu hadharani kwa sababu vijana wengi wenye magari ya umri huo wanapewa ushauri huohuo, na unawagharimu injini.

Themostati iache ilipo. Kazi yake ni kuyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto wake, kama nyuzi 80 kwa injini yako, ndipo inafunguka. Ukiitoa, injini inafanya kazi ikiwa baridi, inakula mafuta zaidi, na pale panapovuja panaendelea kuvuja.

Kwa ulivyoeleza, nashuku pampu ya maji. Gari likiwa limepoa kabisa, chungulia upande wa dereva, kule kwenye mkanda. Chini ya shafti ya pampu kuna kitundu kilichowekwa makusudi: sili ya ndani, ile inayozuia maji yasivuje, ikichoka, maji yanatokea hapo. Ukikuta unyevu au ukoko mweupe au wa pinki, umempata mwizi. Mkanda ukishatoka, tikisa puli, lile gurudumu linalozungushwa na mkanda, kwa mkono. Ikicheza, beringi nayo imekwisha.

Kazi ya kubadilisha pampu unaiweza ukiwa nyumbani. IST, iwe ya 1300 au 1500, inatumia cheni ya taimingi, na pampu inazungushwa na mkanda wa nje, kwa hiyo cheni huigusi. Chomoa waya hasi wa betri. Piga jeki, weka stendi (usiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake), toa tairi la mbele la upande huo pamoja na plastiki ya kukinga matope. Maji ya rejeta yakinge kwenye beseni, usiyamwage uani. Kulenti, yaani dawa ya kupozea injini inayochanganywa na maji, ni sumu, tena ina utamu unaowavuta watoto, paka na mbwa.

Boliti za puli zilegeze mkanda ukiwa bado umekaza, kwa sababu mkanda ndio unaoishika puli isizunguke. Halafu legeza altaneta, isukume kuelekea injini, mkanda utoke. Pampu yenyewe imefungwa kwa boliti 3 na nati 2. Ikitoka, usiitupe: nenda nayo dukani, mtaa wa Gerezani hapo Dar au popote utakaponunua, uzilinganishe mapanga, matundu na urefu wa shafti kabla hujatoa hela. Chukua na gasketi mpya. Mkanda ukiwa na nyufa au umelowa kulenti, badilisha na wenyewe.

Hapa ndipo nakuomba utulie. Pale pampu inapokaa ni aluminiamu. Mabaki ya gasketi yakwangue kwa kipande cha plastiki ngumu, bisibisi itaacha mikwaruzo na maji yatapita humo. Kukaza ni kidogo kidogo kwa kupishanisha, na nguvu inayotakiwa ni Nm (nyutoni-mita) 11 tu. Azima spana ya kupima nguvu. Ukikosa, tumia spana fupi na uache mkono ukishahisi imeshika. Uzi wa aluminiamu ukikatika, kazi ya mchana mmoja inageuka kazi ya karakana.

Sasa hayo maji. Maji ya bomba, na hasa ya kisima chenye chumvi kama vingi vya Dar, yanaleta kutu na magamba ndani ya injini. Kutu inasaga sili, sili inavuja, unaongeza maji yaleyale. Ukifunga pampu mpya ukarudi kwenye ndoo, utaibadilisha tena. Suuza mfumo mpaka maji yatoke meupe, kisha jaza kulenti nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa kwa mvuke, yale ya kuongezea kwenye betri. Soma chupa vizuri usije ukabeba asidi. Kama kulenti imeshachanganywa kiwandani, usiongeze kitu.

Jaza taratibu. Washa injini mfuniko ukiwa wazi tangu ikiwa baridi, fungulia hita kwenye moto, minya mpira wa juu wa rejeta ili hewa itoke, ongeza kila maji yanaposhuka, hadi feni iwake na kuzima. Baada ya hapo usiufungue mfuniko gari likiwa la moto hata kama una haraka: maji yaliyobanwa humo yanavuka nyuzi 100, na ukiufungua yanakurukia usoni.

Najua umemwahidi mama yako safari ya Iringa. Usiondoke siku hiyohiyo ya kufunga pampu. Endesha kazini na kurudi siku kadhaa, kila asubuhi ukitazama kimo cha maji kwenye chupa ya akiba na pale chini ya puli. Yakiwa hayashuki, mpandishe dada yangu mlima Kitonga, njia ya Iringa. Yakishuka, nipigie kabla hujaongeza hata kikombe.

Mjomba wako