Hamadi, kile kidogo kinatosha

Hamadi ndugu yangu,

Salamu nyingi. Barua yako imenifikia, na nimefurahi kuona safari ya porini imetoka kwenye maneno na sasa mnapanga mizigo. Mengine nitakujibu siku nyingine. Leo nina hili la kisu tu, maana unasema unataka kuagiza kabla ya mwisho wa wiki.

Umeuliza ESEE-4 au ESEE-6, visu viwili vya kampuni moja, cha kwanza kidogo na cha pili kikubwa, na umenikataza kusema vyote viwili. Haya, chukua kile kidogo. Najua hutakubali upesi, kwa sababu ukishaona kitu kikubwa macho yako hayarudi nyuma. Kwa hiyo nitajieleza.

Vyote viwili ni chuma kimoja, 1095, chuma cha kaboni. Mgongo wa vyote una unene wa milimita 4.8 hivi, na chuma kinapita ndani ya mpini wote mpaka mwisho, si kile cha kuchomekwa nusu kikaachiwa gundi. Bapa la kidogo lina sentimita 11.4, la kikubwa 16.5. Uzito ni kama gramu 230 kwa 340. Basi ukiambiwa kikubwa ndicho imara zaidi, muulize msemaji ni imara kwa lipi. Unene ni uleule. Tena ukikita ncha kwenye gogo ukaanza kuking'oa, ni bapa refu linaloumia zaidi, kwa kuwa urefu unaiongezea nguvu mikono yako pale chuma kilipobanwa.

Unachonunua kwenye hizo sentimita tano za ziada ni kupasua kuni, basi. Tulitazame hilo vizuri, maana ndilo linalowavuta watu wengi. Unasimamisha kipande cha gogo, unaweka makali juu yake, unapiga mgongo wa kisu kwa rungu la mti. Kisu kikishazama, mahali pa kupiga panabaki kile kipande cha mbele kilichojitokeza upande wa pili. Kipande hicho kisipofika sentimita nne au tano utaanza kupiga hewa, au, kwa hasira, kupiga mpini. Ukitoa hizo kwenye urefu wa bapa, kidogo kinamudu gogo la sentimita 6 au 7, na kikubwa la 11 au 12. Tofauti ipo na sitaificha. Ila gogo nene si lazima lipasuliwe katikati. Unaanzia ukingoni, unabandua ubao mwembamba, unalizungusha, unabandua mwingine, mpaka kiini kibaki chembamba cha kutosha. Inachukua muda zaidi, lakini kuni zinapatikana. (Na rungu liwe la mti daima. Usipige mgongo wa kisu kwa jiwe wala nyundo, hata ukiona mtu anafanya hivyo kwenye video na kisu chake kinapona.)

Kukata kwa kutupa mkono, kama unavyofyeka, hilo ni jambo lingine. Hapo kinachofanya kazi ni uzito wa mbele na kasi ya ncha, na gramu 110 za ziada hazikigeuzi kisu kuwa shoka. ESEE-6 itakata tawi la unene wa kifundo cha mkono, lakini utatoka jasho kwa kazi ambayo panga la kawaida linaimaliza kwa mapigo machache. Na wewe mwenyewe umeandika, kwenye ukurasa wa pili, kwamba panga litakuwemo mzigoni! Hapo ndugu yangu barua yako ilikuwa imeshajijibu. Ukiwa na panga kiunoni, kisu kikubwa kinabaki bila kazi: kwa kufyeka kinashindwa na panga, kwa kazi ndogondogo kinashindwa na mdogo wake.

Na kazi ndogondogo ndizo nyingi. Kuchonga vigingi, kutoboa ukanda, kukata kamba, kutumbua samaki, kukwangua vijiti vya kuwashia moto. Katika hizo zote unataka ncha iwe karibu na vidole, na uzito ulalie kiganjani. Kwa kisu kirefu uzito unakimbilia mbele, kiwiko kinalipa. Nikitendee haki kikubwa hata hivyo: bapa lake ni pana zaidi kwa unene uleule, kwa hiyo limenyolewa kwa mteremko mrefu kuelekea kwenye makali, na karibu na mpini linapita kwenye mti vizuri kuliko unavyolidhania. Wanaosema ni chuma butu cha kuponda tu hawajakishika. Jikoni, lakini, vyote viwili ni vibaya. Karoti haikatwi, inapasuka. Beba kisu chembamba cha bei rahisi kwa chakula na usione haya.

Nikwambie na la marubani, maana najua unapenda hoja za namna hii. Jeshi la anga la Sweden mwaka 1995 lilichagua kisu cha marubani wake, Fallkniven F1, na bapa lake ni milimita 97 tu, fupi hata kuliko hicho unachokiita cha mtoto. Rubani akiruka na parachuti ana nafasi ndogo na mzigo mdogo, na bado waliona urefu huo unamtosha. Upande wa pili wanamaji wa Marekani, tangu 1942, wanajulikana kwa kisu cha Ka-Bar chenye bapa la inchi 7, karibu sentimita 18. Ila kile kilikuwa silaha pia, kikafungua makasha na kuchimba mashimo. Wewe unakwenda kulala kwenye hema.

Kuna mkanda pia. Kisu kirefu ukikaa kinakuchoma ubavuni, ukichuchumaa ala inagota chini, na ukivaa mkoba wa mgongoni mkanda wake unagombana na mpini. Hayo yanaonekana madogo dukani. Siku ya pili porini utakivua ukitumbukize mkobani, na kisu kilicho chini ya mkoba hakina faida ya kisu.

Sheria nazo zitazame, maana umesema mnaweza kuvuka mipaka. Ujerumani, kwa mfano, tangu 2008 kisu kisichokunjwa chenye bapa la zaidi ya sentimita 12 hakibebwi hadharani bila sababu inayokubalika kisheria. Kidogo kiko chini ya mstari huo, kikubwa kiko juu. Uingereza nako, kisu kisichokunjwa kinataka sababu ya msingi hata kiwe kifupi namna gani. Uliza huko mwendako kabla ya kufunga mizigo, na kwenye ndege kikae kwenye begi la chini ya ndege, si la mkononi.

Kitu kimoja tu kingenigeuza. Kama panga linabaki nyumbani na hakuna mwenye shoka kati yenu, na mnakwenda kwenye msitu wa baridi na mvua ambako kuni kavu zimo ndani ya magogo yaliyolowa, basi chukua cha 6 na uvumilie mkanda. Hapo kupasua gogo nene ndiyo shughuli ya kila jioni, na kubandua kidogokidogo kwa vidole vilivyokufa ganzi kutakuchosha. Kwa safari uliyonieleza, sivyo.

Utunzaji ni mfupi. 1095 inashika kutu bila aibu. Mbavu zimepakwa rangi ngumu lakini makali yako wazi, kwa hiyo ukimaliza kazi, hasa ya ndimu au samaki, osha, kausha, paka mafuta hata ya kupikia, na usikirudishe kwenye ala kikiwa kimelowa. Uzuri wake ni kwamba kinanoleka upesi, na jiwe dogo la mfukoni linakitosha kile kifupi. Usisubiri kife kabisa, kipitishe mara chache kila jioni. Na ukichonga, usikae ukaweka mti katikati ya mapaja. Mshipa mkubwa wa damu uko hapo, na huko porini hakuna wa kukushona.

Uliulizia na rangi ya mpini. Chukua ya machungwa, ukiipata. Najua ungependa nyeusi, lakini utakiweka chini kwenye majani jua likizama, kisha mtakitafuta nyote watano kwa tochi.

Nisalimie nyumbani, na yule mdogo wako mwambie bado namdai kamba yangu.

Wako,
Idi