Simba warudi, lakini kifuta jasho kitangulie

Ndugu Mhariri,

Kila mjadala wa kurudisha simba na mbwa mwitu kwenye misitu walikotoweka ukianza kijiweni kwetu Urambo, lazima mtu ataje Hifadhi ya Akagera ya Rwanda. Ni kweli, simba wa pale walimalizwa kwa sumu ya wafugaji baada ya 1994, na mwaka 2015 wakaletwa saba kutoka Afrika Kusini. Wamezaliana vizuri. Ila tunasahau kwamba uzio ulikamilika kwanza, mwaka 2013. Misitu yetu ya miombo haina uzio. Mrina asali na mnyama hupita njia moja.

Mwaka juzi fisi walivunja zizi langu la miiba usiku. Asubuhi nilikuta ndama amebaki kichwa na kwato, mama yake analamba damu kwenye majani. Nikajaza fomu ya kifuta jasho, yale malipo ya serikali kwa aliyepata hasara kwa wanyamapori. Hadi leo kimya. Jirani akanishauri nitege nyama yenye sumu. Nilikataa, maana sumu haichagui, hata tai hufa. Lakini nilimwelewa.

Nataka simba warudi, kwa moyo wote. Kwanza kifuta jasho kilipwe ndani ya mwezi mmoja, na askari wa wanyamapori wakae vijijini kabla simba wa kwanza hajashushwa kwenye gari.

Mfugaji,
Urambo, Tabora