AST ikipanda, usilaumu ini peke yake

Mhariri,

Ng'ombe kazaa juzi, pumba hagusi, maziwa yanashuka, na majibu ya maabara yanaonyesha kimeng'enya cha AST kiko juu. Wengi hukata shauri hapo hapo: ini limejaa mafuta. Si lazima. AST imo kwenye ini, imo na kwenye misuli. Ng'ombe aliyelala kutwa kwa homa ya maziwa (upungufu wa kalsiamu baada ya kuzaa) huumia mapaja, na AST itapanda hata ini likiwa zima. Damu hiyo hiyo ipimwe kimeng'enya cha CK, ambacho ni cha misuli. Ila CK hushuka upesi na AST hukawia, kwa hiyo aliyeumia siku kadhaa zilizopita anaweza kumpoteza daktari: CK imeshatulia, AST bado iko juu. Kimeng'enya kingine, GLDH, kinaaminika zaidi kwa ini la ng'ombe. ALT, kimeng'enya cha ini kilichozoeleka kwa binadamu, hapa hakina maana.

Tena ini linaweza kujaa mafuta huku vimeng'enya vimetulia, maana huvuja seli zikishaumia. Kinachotangulia ni upungufu wa nguvu: hamu ya kula imepungua, kiwele kinadai, mwili unayeyusha mafuta yake, na ini linapokea mengi kuliko linavyoweza kuyachoma au kuyasafirisha. Hapo ketoni, yaani mabaki ya mafuta yasiyochomwa yakaisha, huzidi. Basi pima ketoni mapema, kati ya siku ya 3 na ya 14 baada ya kuzaa, kwa kile kipimo kidogo cha tone la damu. BHB, ketoni kuu ya kwenye damu, ikifika 1.2 mmol/L, ketosisi (ugonjwa wa ketoni kuzidi) imeanza, hata kama ng'ombe anaonekana mzima. Damu itoke mkiani. Ule mshipa mnene wa tumboni unashawishi, lakini damu yake imetoka kwenye kiwele, ambacho kimeshatumia sehemu ya BHB, na namba itadanganya.

Tiba ya kuanzia ni propilini glaikoli, kimiminika ambacho ini hukigeuza sukari, ml 300 kwa mdomo mara moja kwa siku, siku 3 hadi 5. Mnyweshe polepole na usimwinue kichwa sana; ikiingia mapafuni umeongeza ugonjwa wa pili.

Kosa kubwa hufanyika miezi ya nyuma. Kwa alama za unono za 1 (amekonda) hadi 5 (amenona mno), ng'ombe akaushwe, yaani aachishwe kukamuliwa kabla ya kuzaa, akiwa na 3 hadi 3.5. Aliyezidi hapo apunguzwe angali anakamuliwa. Ukimnyima chakula akiwa amekaushwa na mimba imekomaa, mafuta yataanza kuyeyuka kabla hata hajazaa.

Msomaji wako,
Daktari wa mifugo