Si kila tovuti isiyofunguka ni bando limeliwa

Ndugu Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji wenu aliyelalamika kwamba tovuti ya kuombea mkopo wa chuo ilimgomea nyumbani kutwa nzima, akanunua bando jingine, nalo likaenda na maji. Naomba nafasi nimjibu, maana watu wa aina yake ndio wateja wangu. Nina steshenari hapa Ngamiani, Tanga: fotokopi, kuskani, kujaza fomu za mtandaoni. Wanafunzi wananiita Mama Fotokopi. Msimu wa maombi ukifika benchi la nje halitoshi, na wengi wanaokaa pale wana intaneti kwao. Wanakuja kwangu kwa sababu ukurasa haufunguki, na tarehe ya mwisho imekaribia.

Sikatai kwamba bando huliwa. Lakini kwa alivyoeleza mwenyewe, taa za ruta zilikuwa zote kijani, meseji za WhatsApp zilikuwa zinaingia, ila kila ukurasa ulizunguka weee mpaka kompyuta ikaandika kwamba seva ya DNS haijibu. Hapo bando halina kosa. Hata angeweka la mwezi mzima, ukurasa ungezunguka vilevile.

DNS ni huduma ya kutafuta anwani. Sisi tunaandika jina la tovuti, kompyuta inahitaji namba ya seva, yaani kompyuta kubwa ilipo hiyo tovuti. Ni kama mgeni aliyeshuka stendi anatafuta nyumba ya mtu: anamuuliza balozi wa nyumba kumi, balozi asipojua anaulizia kwa mwenzake, na jibu akishalipata analiweka kichwani kwa muda ili asisumbuke tena. Balozi akisafiri, nyumba haijahama na barabara haijafungwa, ila mgeni atasimama na begi lake. Utaratibu huu aliubuni Mmarekani Paul Mockapetris mwaka 1983, kwa kuwa kabla yake majina ya kompyuta zote za mtandao yalitunzwa kwenye faili moja huko California, na kila aliyetaka kuunganishwa alilazimika kulinakili. Ruta unayofungiwa nyumbani huja imeshaelekezwa imuulize nani, na kwa kawaida ni seva ya kampuni iliyokuunganisha. Seva hiyo ikizidiwa, mtaa mzima unalia bando.

Na WhatsApp je? Programu ambayo tayari imeshaunganishwa na seva yake haina haja ya kuuliza jina upya kila meseji inapoingia. Ndiyo maana mtu ananionyesha simu na kuniambia, "Mama, mtandao si huu hapa?" Ni kweli, upo.

Kijana mmoja alikuja na laptopu yake, akaniomba nimkopeshe waifai ya duka. Nikamwambia aiunganishe na intaneti ya simu yake kama alivyokuwa akifanya nyumbani, tuone. Kwenye Windows unaandika cmd sehemu ya kutafutia, linafunguka dirisha jeusi. Tukaandika ping 8.8.8.8, yaani kubisha hodi kwenye seva moja ya nje, ikarudi mistari minne ya "Reply from 8.8.8.8". Maana yake njia ya kwenda nje iko wazi. Kisha tukaandika nslookup wikipedia.org, amri ya kuuliza namba ya jina hilo. Kimya, halafu "DNS request timed out", yaani jibu limesubiriwa halikuja. Tukarudia, safari hii tukaweka namba ya seva nyingine mwishoni: nslookup wikipedia.org 1.1.1.1. Jibu likaja papo hapo. Kijana akanitazama kama nimempiga ramli. Hakuna ramli: seva ya majina ya kampuni yake ndiyo iliyokuwa imelala, mengine yote yalikuwa yanafanya kazi.

Dawa yake ni kubadili wa kuulizwa. Kwenye mipangilio ya mtandao ya kompyuta kuna sehemu ya kuandika DNS mwenyewe. 8.8.8.8 ni ya Google, ipo tangu 2009, 1.1.1.1 ni ya Cloudflare, ilianza Aprili 2018. Zote ni bure. Ukitaka vifaa vyote vya nyumbani vinufaike, badilisha kwenye ruta yenyewe: andika 192.168.1.1 au 192.168.0.1 kwenye kivinjari, jina na neno la siri huwa kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya ruta. Mkiwa humo, wapendwa, badilisheni na hilo neno la siri, maana ruta ngapi mtaani bado zinafunguliwa kwa "admin"!

Lakini mtu asije akasema Mama Fotokopi kasema DNS ndiyo mchawi wa kila kitu. Kompyuta ikiandika DNS_PROBE_FINISHED_NXDOMAIN, mara nyingi maana yake ni kwamba aliyeulizwa amejibu, na jibu ni kuwa jina hilo halipo. Tatizo hili nakutana nalo sana dukani: mwanafunzi anaandika .com mahali pa .go.tz, au anasahau .ac kwenye jina la chuo, halafu anagombana na ruta. Na kuna wakati tovuti imehamishiwa seva mpya huku kompyuta yako bado imeshika anwani ya zamani. Hapo andika ipconfig /flushdns, ifute kumbukumbu zake iulize upya. Kama seva unayoiuliza nayo imeshika ya zamani, utasubiri muda wake uishe, ambao mwenye tovuti akipenda unaweza kuwa siku nzima.

Simu nazo zina vituko vyake. Android kuanzia toleo la 9 zina sehemu ya DNS ya faragha. Vijana wa kurekebisha simu hupenda kuweka humo anwani ya kuzuia matangazo, mwenye simu wala haambiwi. Siku anwani hiyo ikifa, simu inaonyesha waifai imejaa lakini hakuna kinachofunguka, na akitumia bando la simu ni yale yale. Irudishe sehemu hiyo kwenye hali ya kujiendesha yenyewe, kazi imekwisha. Kuna watu wamefuta kila kitu kwenye simu zao kwa jambo hili, picha za harusi zikaenda.

Nionye pia kuhusu namba za DNS zinazosambazwa kwenye magrupu kwamba "zinaongeza spidi". Anayejibu maswali ya kompyuta yako anaweza kukupeleka anakotaka yeye. Novemba 2011 polisi wa upelelezi wa Marekani, FBI, walitangaza kuvunja genge la Estonia lililokuwa limebadilisha DNS za kompyuta zaidi ya milioni 4 duniani kwa kirusi kilichoitwa DNSChanger. Watu walielekezwa kwenye matangazo na kurasa za genge bila kujua. Kompyuta zilizoathirika zilikuwa nyingi kiasi kwamba ikabidi ziwekwe seva safi za kuzihudumia kwa muda, na zilipozimwa tarehe 9 Julai 2012, ambao hawakuwa wamesafisha kompyuta zao walibaki bila intaneti. Kwa hiyo weka namba ambayo unajua mmiliki wake ni nani.

Na usiifute kabisa seva ya kampuni yako. Iache iwe ya pili. Mei 2024, kebo za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, sote tuliona intaneti ya Afrika Mashariki ilivyokwama. Siku kama hiyo, ukiwa umeweka wa kuulizwa aliye ng'ambo peke yake, hata tovuti iliyo kwenye seva ya Dar es Salaam inaweza isifunguke, kwa sababu tu swali limeshindwa kuvuka bahari.

Sasa nije kwa kampuni za intaneti, ambazo ndizo hasa nataka zisome barua hii. Ukipiga huduma kwa wateja, baada ya muziki mrefu unaambiwa: zima ruta, washa. Ushauri huo si wa kipuuzi. Ruta nyingi za bei nafuu hupokea zenyewe maswali ya DNS na kuyapeleka mbele, zikielemewa huganda, na kuzizima huzifufua. Tatizo ni kwamba baada ya hapo hakuna swali la pili. Ruta ikiwaka na ukurasa ukagoma, mteja anaulizwa kama bando lake halijaisha, na yeye kwa hofu ya tarehe ya mwisho ananunua jingine. Swali lenyewe la kumuuliza ni dogo: je, kuna kitu chochote kinachopita? Kikipita, mpeni namba nyingine ya DNS aijaribu mkiwa bado kwenye simu.

Seva ya majina ikizimika kwenu, semeni. Umeme ukikatwa kwa matengenezo tunatangaziwa, maji yakikatwa tunatangaziwa. Oktoba 4, 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilipopotea dunia nzima kwa takriban saa sita, kampuni yenyewe ilieleza kwamba hitilafu ya matengenezo iliukata mtandao wake, na seva zake za majina zikawa hazifikiki. Jioni ile hapa dukani watu walikuwa bado wananunua vocha. Kwa kampuni ya hapa kwetu, ujumbe mfupi mmoja kwa wateja ungetosha: seva yetu ya DNS ina hitilafu, bando lenu liko salama, tumieni namba hii kwa sasa.

Mhariri, ukurasa wenu wa teknolojia hutangaza simu mpya kila wiki. Naomba wiki moja mchapishe zile amri tatu, ping, nslookup na ipconfig /flushdns, kwa maandishi makubwa yanayokatika vizuri kwa mkasi. Nakala ya kwanza nitaibandika mwenyewe ukutani juu ya benchi.

Mama Fotokopi,
Ngamiani, Tanga