Mhariri, huo mshale mnene unaficha watu

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nitoe jambo ambalo limenikaa moyoni. Kila mkitoa makala ya biashara ya utumwa, na si gazeti lenu tu, karibu yote, unakuta ramani ni ile ile, mshale mnene umetoka Afrika Magharibi kwenda Amerika na huku mashariki kuna kamshale kembamba kanaelekea Uarabuni, basi imeisha. Msomaji anaangalia sekunde mbili anafungua ukurasa mwingine. Mi nasema huo mshale unaficha watu, na data za kuuvunja vipande vipande zipo, tena nyingi.

Tuanze na Atlantiki. Kuna hifadhidata ya safari za meli za watumwa ambayo wanahistoria kina David Eltis na David Richardson wameifanyia kazi miaka mingi, ilitoka kwanza kwenye CD mwaka 1999 na baadaye ikawekwa intaneti bure, sasa hivi ina safari kama 36,000. Kila safari ina mstari wake, jina la meli, ilipakia wapi, ilishusha wapi, mwaka gani, walipanda wangapi, walishuka wangapi. Macho yangu huwa yanakwama kwenye hizo safu mbili za mwisho maana ukitoa ya pili kwenye ya kwanza kinachobaki ni watu waliofia njiani, na wengi walitupwa tu baharini. Makadirio ya jumla ni kwamba walipandishwa watu kama milioni 12.5 wakashuka kama milioni 10.7. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la nne anaipiga, na akishaipiga hawezi tena kuangalia ule mshale kama zamani.

Data pia zinakusahihisha. Wengi wetu tukisikia Atlantiki tunawaza Marekani, kumbe waliopelekwa moja kwa moja bara la Amerika Kaskazini hawafiki hata laki nne wakati Brazil peke yake ilipokea karibu milioni tano. Na kingine ambacho kwenye ile ramani ya mshale hukioni kabisa, upande huu wetu wa kusini mashariki pamoja na visiwa vyake ulipoteza zaidi ya nusu milioni kwenda huko huko Atlantiki, wengi wakitokea Msumbiji. Desemba 1794 meli ya Kireno São José ilitoka Msumbiji na watu zaidi ya 400 ndani ikielekea Brazil, ikavunjika karibu na Cape Town, zaidi ya 200 wakafa na waliookoka wakauzwa pale pale Cape.

Halafu kuna majina. Waingereza walipoanza kukamata meli za watumwa walikuwa wanawashusha watu Freetown, Sierra Leone, na makarani wakawaandika kwenye rejista, jina, umri, urefu, na alama za mwilini kama chale. Majina ya Kiafrika kabisa, jinsi karani alivyoyasikia, na ukichanganya na yale ya rejista kama hizo za Havana, Cuba, yanafika kama 91,000. Kuna watu leo wanayasoma kwa sauti ili kutambua hili ni la kabila gani, linatoka mto gani. Hapo ndo ramani inaanza kuwa na watu.

Sasa twende Kilwa, maana hapa ndo penye uchungu wangu. Jahazi halikuacha madaftari kama meli za Ulaya, kwa hiyo Bahari ya Hindi kwenye ramani inaonekana nyeupe, na mtu anajiaminisha kwamba biashara ilikuwa ndogo. Lakini forodha ilikuwepo, na forodha ilitoza ushuru kwa kila kichwa, na panapotozwa ushuru panaandikwa. Kati ya 1862 na 1867 forodha ya Kilwa iliandika zaidi ya watu 97,000 waliotolewa pale, zaidi ya 76,000 kati yao wakapelekwa Zanzibar, wengi wametembezwa kwa miguu kutoka pande za Ziwa Nyasa, na wapo walioishia kwenye mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba. Na hao ni waliolipiwa tu, aliyepitishwa kwa magendo hayumo.

Juni 1873 Sultani Barghash akasaini mkataba na Waingereza, soko la Zanzibar likafungwa, usafirishaji kwa bahari ukapigwa marufuku. Ukichora grafu ya forodha hapo mstari unaanguka mpaka sifuri na mtu anapumua, anasema imeisha. Haikuisha! Misafara ilihamia nchi kavu, watu wakatembezwa kufuata pwani kutoka Kilwa kwenda kaskazini, na afisa mmoja wa Kiingereza, Frederic Elton, aliyekuwa njia hiyo mwishoni mwa 1873 na mwanzoni mwa 1874, aliandika kwamba ndani ya mwezi mmoja tu walipitishwa zaidi ya 4,000. Elfu nne, mwezi mmoja, kwenye kipindi ambacho daftari la bandari linasema hakuna kitu. Mpaka 1876 ndo Barghash akapiga marufuku na hiyo ya nchi kavu.

Ndo maana nasema ramani isomwe na pale palipo patupu, uulize nani alikuwa anaandika na kwa faida ya nani, na alipoacha kuandika watu walipita wapi.

Ombi langu kwenu ni dogo. Siku mkirudi kwenye habari hii, acheni ule mshale, chapeni njia ya Kilwa kwenda kaskazini ya mwaka 1874 na pembeni yake muweke ile sifuri ya forodha. Na kama kuna msomaji anayefanya kazi kwenye nyaraka, vitabu vya misheni ya Bagamoyo iliyoanza 1868 na vya Freretown, Mombasa, makazi ya watumwa walioachiwa huru, vya kuanzia 1875 ndani yake mna watu waliotoka kwenye misafara ile ile, vipigwe picha na majina yaingizwe kwenye kompyuta kabla karatasi haijaoza.

Msomaji wenu wa kila siku