Hela ya Shangazi, na yale maneno ya Baba Mdogo

Dada Rehema, shikamoo.

Meseji zako nimezipata. Na ile ya Baba Mdogo kwenye grupu nimeiona, eti Shangazi kajitakia kansa kwa kuweka simu kwenye sidiria! Mtu yuko kwenye dripu halafu anasimangwa. Imeniuma dada, usiku mzima sikulala.

Kazi yangu ya maabara ndo hiyo hiyo ya jeni, na juzi bosi kanikabidhi mashine ya kusoma DNA niisimamie mimi, kawaacha waliozaliwa hukuhuku, kwa hiyo naongea ninachokijua. Seli kabla haijagawanyika inanakili DNA yake yote, herufi kama bilioni 6. Kimeng'enya, yaani protini ya kazi ndani ya seli, kinachonakili kinaitwa polimerasi; kikikosea kinajisahihisha, na vingine vinapita nyuma yake kukagua. Kasheshe ni pale nyuzi zote mbili za DNA zinapokatika. Hapo protini za BRCA1 na BRCA2 ndo zinashika kazi, BRCA2 inaileta protini nyingine, RAD51, mpaka kwenye mkato, panaungwa kwa kufuatisha nakala nzima iliyo pembeni. Ukizaliwa na jeni moja mbovu ya BRCA kati ya mbili, ya baba na ya mama, ile nzima nayo ikija kuharibika kwenye seli ya titi, mikato inaungwa ovyo, makosa yanarundikana mpaka kansa inaanza. Simu haimo humo!

Kansa nyingi za matiti si za kurithi, ila Bibi ilimuondoa mapema na Shangazi kaipata na miaka 36, lazima tuangalie. Na hii ya kusema jeni hiyo mbovu wanaume haiwahusu si kweli, BRCA1 iko kromosomu (fungu la DNA) ya 17, BRCA2 ya 13, si za jinsia, baba akiwa nayo kila mtoto wake ana nusu kwa nusu ya kuirithi. Baba Mdogo awafikirie mabinti zake.

Huku mi mzima, baridi tu. Jana kwenye basi mtu kacheka kama Mama, nikageuka.

Hela niliyotuma ni ya kipimo cha jeni cha Shangazi, si ya gari la Hamisi, mwambie hivyohivyo. Aanze yeye mgonjwa, jeni mbovu ikionekana ndo na sisi tupimwe. Ikiwepo, daktari aulizwe kuhusu dawa ya olaparibu, inazima PARP, kimeng'enya kinachoshughulika na mikato ya uzi mmoja, na seli ya kansa isiyo na BRCA ikikosa na hiyo inakufa. Marekani waliiruhusu kwa baadhi ya kansa za matiti 2018.

Mwambie Shangazi hana kosa lolote. Akishatolewa damu nipigie picha ile karatasi.

Mdogo wako,
Asha