Barua kwa Zuhura: Kopo, Khanga na Kadi ya Kliniki

Shangani, Mtwara
21 Septemba 2025

Mpendwa Zuhura,

Assalamu alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe, shemeji na watoto. Sisi huku hatujambo, isipokuwa Mwajuma ambaye ana mafua, lakini mafua hayamzuii kukimbia wala kugombana na kaka yake, kwa hiyo simhesabu kuwa mgonjwa.

Umeniuliza kama inafaa kuwaleta Rashidi na mdogo wake huku Kusini kwa basi katika likizo ya Desemba, au usubiri kwanza wakue. Swali lako limenikuta nimerudi kutoka Lindi siku nne tu zilizopita, nikiwa na watoto wote watatu na bila ya baba yao, ambaye hakupata ruhusa kazini. Badala ya kukujibu ndiyo au hapana nitakueleza yaliyotupata, kisha utaamua mwenyewe.

Nilianza kufungasha siku mbili kabla ya safari, na hapo ndipo nilipokosea. Nilifunga begi la nguo za Hamisi na Mwajuma, begi jingine la mtoto, kikapu cha chakula, chupa ya chai, dumu la maji la lita 5, pampasi za wiki nzima kana kwamba Lindi hakuna maduka, na mto wa Mwajuma, maana anadai kuwa hawezi kulala bila huo. Baba Hamisi alitusindikiza kwa bajaji hadi stendi ya Mkanaledi, na alipoona mizigo imejaza kiti chote cha nyuma akaniuliza kwa upole kama tunahama. Sikumjibu. Safari yenyewe ilikuwa ya kilomita 100 na ushei.

Konda wa kosta aliwatazama watoto wangu kama mtu anayehesabu mbuzi. Mtoto wa kifuani halipiwi, hilo halina ubishi. Mwajuma, mwenye miaka minne, akasema nimpakate. Hamisi ana miaka sita na miguu yake imeshakuwa mirefu, basi akaniambia ama nimlipie nauli nzima, ama nimpakate na yeye. Nikamuuliza nina mapaja mangapi, abiria wakacheka, lakini nauli nikalipa. Zuhura, lipia viti. Fedha utakayookoa kwa kumpakata mtoto wa miaka mitano kutoka Dar es Salaam utaitumia yote kununua dawa ya kuchua magoti. Hamisi alikaa dirishani kwa majivuno ya mlipa nauli, na tulikuwa hatujaimaliza hata ghuba ya Mikindani alipoanza kuuliza kama tumefika.

Baada ya Mikindani barabara inaanza kupinda na kupanda, na Mwajuma, aliyekuwa akiimba tangu stendi, akanyamaza. Wewe ni mama, unaujua ukimya wa namna hiyo. Zamani mtu angechomoa rambo haraka, lakini tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku mwezi Juni 2019 huna cha kukimbilia, na ile mifuko mbadala inavuja kabla hujaikunja mdomo. (Siilaumu sheria hiyo, kwani ufukwe wetu umepata nafuu kubwa, nasema tu kwamba waliotunga hawakusafiri na Mwajuma.) Kilichotuokoa ni kopo la rangi la lita 1, ambalo jirani yangu alinikabidhi alfajiri na mimi nikalipokea kwa adabu tu, bila ya kuona lina kazi gani. Alikuwa ameliosha vizuri na kuweka ndani vijiko vitatu vinne vya majivu makavu. Mtoto akishamaliza unanyunyiza majivu mengine juu, unakandamiza mfuniko kwa kiganja mpaka uusikie umebana, na abiria wa kiti cha nyuma hajui kitu. Mama mmoja aliyekaa upande wa pili akakata ndimu kwa meno na kumpa Mwajuma nusu ainuse. Alinusa ndimu ile mpaka Mnazi Mmoja, na hakutapika tena.

Mnazi Mmoja, pale inapochepuka barabara ya Masasi, gari lilisimama na wauzaji wakaja madirishani. Kikapu changu cha chakula kilikuwa na mkate, mayai ya kuchemsha na maandazi niliyoamka saa tisa usiku kuyachoma. Hakuna aliyekigusa. Watoto walitaka ming'oko. Wewe uliyezaliwa Morogoro huenda umeshaisahau ile niliyokuwa naleta bwenini: ni mizizi ya mwituni, myembamba kama vidole, haipandwi na mtu, inachimbwa porini na kuchemshwa, kisha unaimenya kwa meno na kuichovya katika chumvi yenye pilipili. Kwa fungu moja nilipata ukimya wa karibu nusu saa. Hata mtoto alipewa kipande cha kung'ata kwa fizi zake.

Mama mkwe wangu anakaa Mtanda. Alitupokea barazani, akaamkiwa, akawabusu wajukuu, kisha akaitazama mizigo na kuuliza, "Nyumba mmemwachia nani, maana naona mmekuja nayo?" Jioni ileile akamvua mtoto pampasi na kumfunga kipande cha khanga kuukuu. Nilinuna kidogo, nakiri. Nilimwambia kuwa nitafua usiku kucha, naye akanijibu kwamba yeye alifulia watoto saba na mikono yake bado ipo. Siku ya tatu upele uliokuwa ukimsumbua mtoto mapajani, ambao nilikwisha kuupaka marhamu za kila rangi, ulikuwa umekauka. Hakusema lolote. Alimgeuza tu mtoto ili nimwone vizuri, akaendelea kukuna nazi.

Nilikuwa na mpango wangu kuhusu mji wa Lindi. Nilitaka kuwaonyesha watoto majumba ya zamani karibu na bandari, niwaeleze habari za Wajerumani, halafu tuvuke kwenda Kitunda kwa kivuko ili waione Lindi kutoka ng'ambo ya ghuba, jinsi ilivyolala chini ya vilima. Majumba hayakuwahusu kabisa. Kivuko walikipenda kwa sababu gari liliingia ndani yake na halikuzama. Tulipofika Kitunda, Mwajuma akachutama kwenye tundu la kaa, akachukua ukuti, akauingiza ndani taratibu na kusubiri. Kaa aliubana ukuti kwa gando moja, akauachia, akaubana tena. Mambo hayo yaliendelea mpaka maji yakaanza kujaa na kulifuta tundu lenyewe. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake na mtoto mbelekoni, nikitazama mji niliokuja kuwaonyesha, na hakuna aliyegeuka kuutazama isipokuwa mimi.

Usiku wa nne mtoto akapata homa. Nilikaa naye hadi alfajiri nikimkanda kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, na asubuhi tukaenda zahanati. Muuguzi wa kwanza alinigombeza mbele ya watu kwa kusafiri na mtoto mchanga, maneno ambayo hayakunisaidia mimi wala mgonjwa. Wa pili aliomba kadi ya kliniki. Na mimi, katika mizigo yote ile, kadi nilikuwa nayo, kwa sababu mama yangu alitufundisha kwamba kadi inakaa pamoja na fedha. Aliusoma uzito wa mtoto kwa miezi yote iliyopita, akaona chanjo hazina upungufu, akamtoboa kidole kwa kile kipimo cha haraka, malaria hakuna. Yalikuwa ni masikio. Dawa alipewa kulingana na uzito wake, na jioni akanyonya. Tafadhali, kadi za watoto wako usiziweke katika begi linalopandishwa juu ya basi au kufungiwa kwenye buti.

Homa ile ilituweka ndani siku mbili, na humo ndimo Hamisi alimopata hadithi ambayo hadi leo haijatuacha. Bibi yake alimweleza habari za mjusi wa Tendaguru. Tendaguru, kama unavyojua, ni kilima kilichopo kiasi cha kilomita 60 kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi, ambako kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimbua mifupa ya wanyama wa kale. Waliochimba hasa walikuwa watu wa huku kwetu, chini ya msimamizi wao mkuu Boheti bin Amrani, na mifupa yenyewe, zaidi ya tani 200 kwa jumla, ilisafirishwa kwa meli hadi Ujerumani. Mjusi mmoja amesimamishwa katika makumbusho ya Berlin tangu mwaka 1937, na urefu wake kwenda juu unazidi mita 13. Bibi hakutaja mita. Alinyoosha kidole kwenye mnazi wa jirani.

Hamisi alifikiri kwa muda, akauliza mifupa hiyo ilipanda basi gani kuja bandarini. Nikamwambia kwamba barabara ya gari haikuwapo. Watu waliibeba vichwani na mabegani, wakatembea siku kadhaa porini hadi Lindi. "Wote?" Wote. Siku ya kurudi nilipokuwa napanga mabegi mlangoni, alikuja akayahesabu moja moja kwa sauti, kisha akanitazama bila kusema neno. Nusu ya vitu nikaviacha kwa bibi yake, na mto wa Mwajuma ukiwemo. Alilala kosta nzima akiwa ameegemea khanga iliyokunjwa.

Njiani kurudi nilimkumbuka sana marehemu mama yangu. Nilipokuwa na umri wa Hamisi tulikwenda Dar es Salaam kwa barabara, kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, na Rufiji tulivuka kwa pantoni pale Ndundu. Pantoni ilikuwa imeharibika. Tulilala ukingoni usiku mmoja na nusu, magari yakiwa yamepanga mstari hadi kwenye miembe, mbu wakiimba, na kila kitu alichokuwa nacho mama kwa ajili yetu kilikuwa mkeka, khanga mbili, birika na mfuko wa unga. Sikumbuki kama tuliteseka. Nakumbuka kwamba nilihesabu taa za magari na kwamba chai ilikuwa na ladha ya moshi.

Sasa daraja hilo mtalipita kabla Rashidi hajamaliza andazi lake, na ndiyo sababu nakuambia: njoo. Lakini usije kwa mkupuo mmoja. Kutoka Dar es Salaam hadi hapa ni zaidi ya kilomita 550, na mtoto wa miaka miwili hana deni la kukaa juu ya paja lako mchana kutwa. Pandeni basi la alfajiri, mle samaki wa kukaanga pale Somanga, mshuke Nangurukuru na kuchukua gari la kwenda Kilwa Masoko. Laleni huko usiku mbili. Kesho yake, mkishachukua kibali, mnaweza kuvuka kwa mashua kwenda Kilwa Kisiwani mkaone magofu. Chagua asubuhi, bahari ikiwa bado imetulia, na uwavishe watoto maboya hata kama nahodha atakucheka. Rashidi huenda atajali magofu na huenda atajali kaa. Mwache. Kuanzia Kilwa hadi Mtwara mtakuwa mmebakiza kipande ambacho watoto wanakimudu.

Umefanya vizuri kuchagua Desemba badala ya masika. Unakumbuka Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ilivyokatika maeneo ya Somanga na watu wakakwama pande zote mbili. Desemba mvua hunyesha, lakini si ya kubeba madaraja. Mtakuta bado mabibo, na hapo naomba unisikilize kwa makini: usiwaletee watoto nguo nyeupe. Maji ya bibo yakidondokea nguo hayaonekani siku ya kwanza. Ukishafua ndipo doa linapotokea, rangi ya kahawia kama kutu, na halitoki kwa sabuni, kwa ndimu wala kwa dua. Sare za shule za Hamisi ni ramani tupu.

Lete khanga tatu, ndimu, kadi za kliniki, nguo za kubadilisha mara mbili na kopo lenye mfuniko. Pampasi na neti zipo hapa, na mama mkwe wangu atakuwa amekuja kwa ajili ya minada ya korosho, kwa hiyo hizo pampasi nazo sikuahidi kama utaruhusiwa kuzitumia.

Msalimie shemeji, na umbusu mdogo wake Rashidi kwa niaba yangu. Nijibu mapema kuhusu tarehe, kwani Hamisi ananiuliza kila siku kama Rashidi atalipiwa nauli au atapakatwa, na inaelekea heshima atakayompa inategemea jibu lako.

Wako akupendaye,
Somoe